Makofi ya Nukta

Baba alikuwa na maksai mmoja tuliyemwita Sungura, kwa utani, maana alikuwa mzito kama gogo lililolowa. Baba alimfundisha kugeuka kwa mluzi. Akifika mwisho wa shamba na plau yake, baba anapiga mluzi mmoja, naye anageuka taratibu kama mama mkwe. Bila mluzi hageuki, hata umchape. Sisi watoto tulikuwa tunawafuata nyuma na vibuyu vya uji wa ulezi, udongo mweusi ukitubana vidole vya miguu, na mpaka leo nikisikia mtu anapiga mluzi nahisi ladha ya ulezi mdomoni. Mwaka mmoja baba akamuuza Sungura kwa mtu wa Ndalambo, kule bondeni kwa wafugaji, akasahau kumweleza habari ya mluzi. Siku ya kwanza tu, tulivyoambiwa, Sungura alifika mwisho wa shamba akaendelea na safari. Akakanyaga karanga za watu, akaingia korongoni na plau yake, akavunjika mguu. Baba hakula siku mbili. Alikaa kwenye kigoda akisema, "Nilinyamaza. Neno moja tu, nikanyamaza."

Unaona nilivyo? Nilitaka kusema habari ya shule nimeangukia kwa ng'ombe. Nivumilie rafiki yangu, mimi darasa la nne ndiyo elimu yangu yote, na kisa chenyewe ndicho hiki cha kwa nini niliishia hapo.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu wa kike anayefanya biashara Tunduma. Juzi kaniletea ujumbe kwenye simu, nikauvalia miwani: bibi shikamoo mzigo umekwama upande wa pili mtoto anaumwa nimempeleka hospitali mvua kubwa tutaonana jumapili. Nikausoma kwa sauti, pumzi zikaniishia katikati, nikajikuta viganja vyangu vinapiga makofi vyenyewe, pa, pa, pale anapotakiwa mtu kupumua. Nikaacha. Nikaiweka simu kifudifudi, nikalia kama mjinga.

Kwetu kijijini Ruanda, huku juu kwenye kahawa, mtu mzima alikuwa hasemi peke yake. Bibi yangu akisema jambo msibani au kwenye mahari, akifika anapotua, wanaomsikiliza wanapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, polepole, kama tone linaloanguka kwenye mtungi. Kofi likilia, neno limepokelewa, endelea. Bibi alikuwa anasema, "Neno lisilopigiwa kofi bado liko njiani, halijafika kwa mtu." Sisi tulilelewa hivyo kabla hatujaijua kalamu.

Mwalimu wetu hakuwa wa kwetu. Alitoka mbali, mwembamba, ana koti moja la kahawia lenye chaki mifukoni, na ndiye aliyefundisha darasa la nne peke yake. Alikuwa anateseka na sentensi zetu. Tulikuwa tunaandika ukurasa mzima bila kituo, watu, mbuzi na mvua vyote vimefungwa kamba moja. Siku moja alilishika daftari langu kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa.

"Binti, hili ni lori lililokatika breki mteremkoni. Niambie, linasimama wapi?"

"Linasimama likifika, mwalimu," nikamjibu. Darasa likacheka, na yeye akacheka mpaka akakaa.

Basi jirani yetu mmoja akafiwa, mwalimu akaja kuhani. Akakaa karibu na wazee, akamsikia bibi yangu akisimulia maisha ya marehemu huku makofi yakimpokea. Niliona anavyotazama viganja vya watu, kahawa imepoa mkononi. Kesho yake akaingia darasani hajatoa hata salamu. "Jana bibi wa huyu binti kanifundisha kazi yangu," akasema. Tangu siku hiyo nukta ikawa kofi moja. Mkato ukawa vidole viwili kwenye kiganja. Alama ya kuuliza, tunainua kidevu wote na kusema "ee?" Tukawa tunanong'ona sentensi na kupiga, tunanong'ona na kupiga, ndipo tunaandika. Watoto arobaini, ilikuwa kama mvua ya kwanza kwenye majani ya mgomba. Jirani akipita na kapu lake la kahawa alisimama dirishani akauliza, "Hawa watoto wanasoma au wanaamkia wakwe?"

Lakini tulijua. Kwa mara ya kwanza sentensi zetu zilisimama. Mwalimu alisahihisha huku anapiga mluzi. Akaniambia mimi nitafika darasa la tano, tena nitalala bwenini na kula wali siku za Jumapili. Wakati ule mtihani wa darasa la nne ndio uliochuja. Aliyepita aliendelea, aliyeshindwa alirudi shambani, na kama ni msichana aliolewa upesi. Mama alishaanza kunishonea begi la kitambaa cha gunia.

Mtihani tulifanyia shule kubwa kule barabarani. Tuliondoka umande haujakauka, viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, vinatupasha moto mapajani. Mwalimu alitwambia njiani, "Leo makofi mpige moyoni tu." Tukaitika wote. Kisha akabaki nje chini ya dirisha, maana mwalimu haruhusiwi kukaa na wanafunzi wake.

Msimamizi alikuwa mzee mwenye mvi, na hapo ndipo palipoharibika. Alisimama akatusomea maelekezo kwa sauti nzito, ya taratibu, kama wazee wa kwetu wanavyosema. Akafika anapotua. Nakuapia sikufikiri. Viganja vyangu vilipiga, pa. Na darasa letu lote likapokea nyuma yangu, pa.

"Mnanifanyia mchezo?" akasema. Watoto wa shule nyingine wakaangua kicheko. "Atakayepiga tena atoke."

Karatasi ilikuwa na habari ndefu isiyo na alama hata moja, kazi yetu ilikuwa kuzitia. Nikaikalia mikono yangu nikajaribu kupiga moyoni. Moyo ulikuwa unapiga ya kwake. Maneno yakapita kama lori lile, sioni linaposimama. Nikageuka nikaona wenzangu wanagusa vidole chini ya madawati, mmoja, wawili, halafu wote, nami nikatoa mkono nikagusa paja. Msimamizi akaona mikono inayotembea pamoja. Akadhani tunapeana majibu kwa ishara. Akapita dawati kwa dawati, akakusanya karatasi zetu zote arobaini, wino haujakauka.

Nje mwalimu alimshika mkono. "Mzee wangu, ni nukta. Wanaweka nukta tu."

"Nukta inapigwa makofi? Mwalimu, usinifanye mtoto mdogo."

Hakuna aliyekwenda darasa la tano mwaka ule. Hata mmoja. Begi la gunia mama alilitilia mbegu za maharage. Mimi nilichuma kahawa ya watu, nikaolewa, nikazaa, nikazika. Bibi alikufa, na msibani kwake bado watu walipiga makofi. Msiba wa mwezi uliopita hapa kwetu, mzee alisimama kusema, akatua, akasubiri. Watu wameinamia simu zao. Akatua tena, akatutazama mmoja mmoja, akakaa neno lake likiwa njiani. Mimi nilikuwepo. Viganja nilivikunja kabisa, nikaona aibu kupiga peke yangu.

Ninalotaka kukiri ni la Jumatatu baada ya mtihani. Mwalimu aliingia, tukasimama, "Shikamoo mwalimu." Hakutuambia tukae. Akauliza taratibu, wala hakuwa na hasira, "Nani aliyeanza? Nataka kwenda kumweleza yule mzee kuwa alipewa heshima. Nimpeleke huyo mtoto amweleze mwenyewe." Nikamwona Sungura, sijui kwa nini. Nikanyamaza. Akauliza mara ya pili, akinitazama mimi, kwani alikuwa chini ya lile dirisha. Nikatazama miguu yangu. Mara ya tatu hakuuliza. Akafuta ubao ingawa haukuwa na kitu, akazitoa chaki mfukoni mwa koti moja moja, akazipanga mezani, akatoka.

Tulimwangalia dirishani akishuka kwenye njia ya katikati ya mibuni. Kwetu mkubwa akiondoka hupigiwa makofi ya kumsindikiza. Arobaini tulisimama pale, mikono kwapani. Alipofika kwenye kona alipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayesikiliza, kisha akaendelea, na hakurudi.