Turubai mbele ya mlango wa Mama Tuan

Saa kumi na mbili asubuhi, na mvua bado haijaamua kama itanyesha au itatupumzisha. Katika ua wa ploti moja ya vyumba vya kupanga, Kariobangi, jijini Nairobi, Triza Nabiswa amepiga magoti mbele ya mafiga matatu na anapuliza moto. Kuni zinatoa moshi tu. Anapuliza tena, anakohoa, anajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Hii El Niño imetutesa," ananiambia bila kuinua kichwa. "Hata kuni zimenyonya maji. Napuliza moto, napata machozi."

Juu ya mafiga kuna nusu ya pipa, na ndani ya pipa mna vifurushi vya mraba vilivyofungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba. Kila kifurushi ni mchele unaonata, ndengu zilizokobolewa na kipande cha nyama ya nguruwe katikati. Wenyewe, watu wa Vietnam, wanakiita banh chung. Kariobangi wanakiita tofali.

Kesho, tarehe ishirini na nane Januari, ni Tet, mwaka mpya wa Vietnam. Huwezi kuadhimisha Tet bila tofali, na tofali haliivi mpaka lichemke kutwa nzima. Anayelichemsha ni huyu mama wa Bungoma, mwenye magoti yaliyovimba, ambaye Vietnam yenyewe hajui iko upande gani wa dunia.

"Majani ya mgomba nayajua tangu utotoni," anasema. "Unayapitisha motoni kidogo yalainike, ndiyo yasipasuke. Hayo mengine nilifundishwa."

Aliyemfundisha ni Bi. Lan, mjane mzee anayeishi nyuma ya Jogoo Road, upande wa Makadara. Alikuja Nairobi miaka ya sabini na mumewe, fundi wa mitambo. Mume alifariki, yeye akabaki na mwanawe Tuan. Sasa mama na mwana wanashona sare za shule nyumbani kwao, na majirani wanamwita Mama Tuan. Kiswahili chake ni cha sokoni hasa. Ukimpandishia bei ya nyanya, utajuta kumfahamu.

Triza amemfulia na kumpikia kwa zaidi ya miaka kumi. Analipwa kwa siku, na siku asiyokwenda hapati kitu.

Kando ya pipa kuna jiko la makaa lenye sufuria nyingine, ndogo. Hiyo inachungwa na jirani yake Lela, ambaye ploti nzima inamwita Mama Zubair. Sufuria ni yake na haijawahi kuonja nguruwe. Matofali yaliyomo ni ya ndengu tupu. Lela amefunga, maana Ramadhani iko ukingoni, lakini ameketi hapo na kipepeo chake cha makaa tangu alfajiri, upande ambao moshi wa pipa haumfikii.

"Mama Everline, pumzika basi," Lela anamwambia. Everline ni binti mkubwa wa Triza. "Utaanguka humo ndani ya pipa, tuletewe wewe badala ya tofali."

"Nikipumzika nitawaza."

"Basi waza umekaa."

Triza anaketi juu ya debe na, kweli, anawaza.

Anachowaza ni mlango. Kwa watu wa Vietnam, mtu wa kwanza kukanyaga ndani ya nyumba siku ya Tet ndiye anayeleta mwaka, mzuri au mbaya. Mwenye nyumba humchagua mapema. Kwa miaka tisa, nyumbani kwa Mama Tuan, mtu huyo amekuwa Triza.

Hakuanza vizuri. Siku yake ya kwanza ya Tet katika nyumba ile, aliamka na bidii zote za kwao, akafagia kila chumba na kumwaga takataka nje.

"Mimi nilijua namfurahisha! Akatoka chumbani, akaniona na ufagio, akakaa chini pu! Kumbe siku ile hufagii. Unafagia bahati ya mwaka mzima. Unajua alifanya nini? Alienda mwenyewe kwenye pipa la taka, akarudisha takataka ndani, akazirundika pale pembeni. Nikasema, leo nimefutwa kazi."

Hakufutwa. Mwaka uliofuata aliambiwa afike wa kwanza, aingie mikono mitupu, bila ufagio. Mwaka huo Mama Tuan akapata kazi ya sare za shule mbili. Tangu hapo, Triza anasema, mguu wake ukawa mguu wa bahati.

Halafu ukaja mwezi wa Novemba uliopita. Mumewe, Opicho, alikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye karakana za Kariobangi. Alinyeshewa siku nzima, jioni akashikwa na homa, na homa haikumwachia. Walimzika kwao Bungoma kwenye matope. Mazishi yalikwisha, daraja likachukuliwa na maji, na shemeji zake waliokuwa waje kumtoa rasmi kwenye matanga hawajapata njia mpaka leo.

"Kwetu mjane mpya haingii nyumba za watu hivi hivi, mpaka atolewe," anaeleza. "Na kwao pia, mwenye matanga haingii nyumba ya mtu siku ya Tet. Mama Tuan mwenyewe ndiye aliniambia, zamani, kabla sijajua yatanihusu. Sasa nimefungiwa pande zote mbili."

Tangu arudi mjini anafulia nguo uani kwa Mama Tuan. Kizingiti hajavuka. Kupika ameacha, kwa hiyo hata siku zake za kazi zimepungua. Na hili ndilo linalomkosesha usingizi kuliko njaa.

"Mlango ukinizoea nje, utanisahau. Atachaguliwa mtu mwingine kesho, aingie, alete mwaka mzuri. Halafu? Mwaka ujao nitaitwa mimi wa nini? Niliuliza Tuan ni nani ataingia. Akasema, mama anafikiria. Anafikiria nini, jamani?"

Lela anapepea makaa.

Jumatano asubuhi, matofali yamepangwa kwenye mkokoteni na kufunikwa nailoni. Triza anatembea nyuma yake kwa viatu vya mpira, njia yote hadi Makadara. Amevaa vazi lake jeusi. Ananieleza mpango wake: atakabidhi mzigo langoni, ataaga, atarudi kulala.

Langoni anasimama ghafla.

Mbele ya nyumba, nje kabisa ya mlango, limefungwa turubai la buluu. Chini yake kuna mabenchi yaliyoazimwa kanisani, meza ndefu, na ndoo ya maua ya manjano. Vijiti vya ubani vinafuka kwenye kopo la mchanga. Wageni wachache kutoka Vietnam, waliokuja kutoka pembe mbalimbali za jiji, wamekaa humo na makoti yao, mvua ikidondoka pembeni.

Mama Tuan, mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, anamjia.

"Unashangaa nini? Wewe huwezi kuingia. Basi sisi tumetoka."

"Na ndani, mama? Ameingia nani?"

"Mimi. Nilitoka mwaka ukiwa wa zamani, nikarudi mwaka ukiwa mpya. Mwenye nyumba anaruhusiwa. Leta chakula, watu wana baridi."

Triza anageukia mkokoteni. Anaanza kushusha matofali.

Lakini Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, ni Eastlands. Hapa, turubai likionekana mbele ya nyumba asubuhi ya katikati ya wiki, na mabenchi ya kanisa, na maua, hakuna anayeuliza mara mbili. Hata tofali la kwanza halijafunguliwa, lango linasukumwa. Anaingia Mzee Kisilu, mzee wa kanisa na jirani wa nyumba ya tatu, kofia mkononi. Nyuma yake wako akina mama saba au wanane wenye leso viunoni, wamebeba sukari, majani chai na unga. Mmoja ameshaanza wimbo wa taratibu.

"Poleni sana, Mama Tuan," anasema Mzee Kisilu. "Tumeona sasa hivi. Kwa nini hamkutuambia? Ni nani ametutoka?"

Wageni wote wanaganda. Siku ya Tet neno la kifo halitamkwi hata kwa mzaha, na hapa limeletewa sukari kabisa. Mama Tuan anashika ukingo wa meza.

"Hakuna msiba, mzee," Tuan anawahi. "Ni mwaka mpya."

"Mwaka mpya? Leo? Januari inaisha!" Mzee Kisilu anatazama turubai, anatazama maua, anatazama ubani. Sauti yake inashuka kwa huruma. "Kijana, usituonee haya. Sisi ni majirani."

Wimbo unaendelea kwa sauti ya chini. Hakuna anayejua aanzie wapi kueleza. Ndipo Triza anaweka karai chini, anatoka upande wa turubai, anasimama kati ya Mama Tuan na wale akina mama, kana kwamba anamkinga na mvua.

"Msiba ni wangu," anasema. "Si wa nyumba hii. Nyumba hii ina sherehe. Aliyefiwa ni mimi, mwezi wa kumi na moja. Nileteeni mimi."

Wanamtazama. Wanamjua. Ndiye anayefua pale uani, wamepita wakimsalimia kila wiki. Hakuna aliyekuwa ameuliza lile vazi jeusi ni la nini.

"Uuui, dada yangu!" mama mmoja anasema, na sukari anaiangusha kwenye benchi.

Wanamzunguka. Mmoja anamvua leso iliyolowa, mwingine anamkalisha, Mzee Kisilu anaomba dua fupi. Na Triza, ambaye tangu arudi kutoka mazikoni alikuwa na Lela tu wa kumpa pole katika jiji hili zima, anaangua kilio. Analia kwa nguvu, bila kujizuia, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Mama Tuan naye anaketi kando yake na kumshika kiganja. Yeye pia ni mjane.

Kilio kinapotulia, Mama Tuan anavuta tofali moja, anafungua majani na kulikata kwa kamba ileile iliyolifunga. Kipande cha kwanza anampa Triza. Cha pili anampa Mzee Kisilu.

"Hii ni nini?" mzee anauliza, akikitazama kwa shaka.

"Tofali," Triza anajibu huku akijifuta kamasi.

Mzee anatafuna. Anatafuna tena. "Basi nijengeeni," anasema, ananyoosha sahani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba Triza anacheka.

Mchana, wageni wanapoanza kuaga, maua yamedondoka kila mahali na hakuna anayegusa ufagio. Triza anafunga kwenye kitambaa matofali ya ndengu ambayo Lela atayala wakati wa kufuturu. Miguu imemvimba. Anasema akifika atalala na viatu.

Mama Tuan anamsindikiza hadi langoni. Nyuma yao mlango wa nyumba uko wazi.

"Waambie shemeji zako waharakishe," anamwambia. "Mwaka huu nimekushikia zamu. Mimi ni mzee, sijui kama nitaweza kuishika tena."

Triza anaitikia kwa kichwa. Tukiwa barabarani, mvua ikianza upya, ananiambia amekwishaamua.

"Wasipokuja mpaka Pasaka, nitawafuata mimi. Daraja liwepo, lisiwepo. Wanitoe, nirudi." Anahamisha kifurushi mkono wa pili na kukiweka chini ya koti kisilowe. "Kuna mtu ananingoja niingie."