Nilifuta Alama za Marehemu, Rafiki Yake Akaitwa Mwongo

(Msomaji huyu ametuomba tulifiche jina lake, na majina ya wahusika ameyabadilisha mwenyewe. Maneno yake tumeyaacha yalivyo.)

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, naishi Kilifi. Ni fundi wa redio na televisheni, kazi niliyofundishwa na marehemu baba. Watu huniamini na vyombo vyao, na kuaminiwa huko ndiko kunakonitesa.

Huku Kibarani kuna mzee nitakayemwita Mzee Charo. Alikuwa mpishi wa hoteli Malindi, na alipoacha kazi alipewa mashine kuukuu ya mchezo, ile kubwa kama kabati, yenye kioo cha televisheni na vitufe vya kupigia ndege za adui. Akaiweka sebuleni kwake, vijana wa mtaa wakawa wanakuja kucheza. Mwanawe Karisa ndiye aliyewashinda wote. Mashine ile humwandika mshindi kwa herufi tatu juu ya kioo, pamoja na alama zake, na hata ukiizima haisahau. KAR ilikaa pale juu, hakuna aliyeweza kuishusha.

Mwaka jana Karisa alishikwa na malaria ikampanda kichwani, akafariki. Tangu hapo mzee akiamka huiwasha mashine kabla ya chai na kungoja majina yapite. Akishaiona KAR ndipo huenda kunawa uso.

Sasa vijana wakaanza kuuchoka mchezo ule. Mpwa wa mzee akaleta bodi mpya kutoka Mombasa, kibao cha vipuri vya umeme cha kuongeza mchezo wa pili. Alipoifunga ndani ya mashine, kioo kikajaa mistari kisha kikazima kabisa. Hata alipoitoa, mashine haikuwaka tena. Nikaitwa mimi.

Nilimkuta mzee amevaa tayari kwenda kwenye matanga ya ndugu yake Kaloleni. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono.

"Mwanangu, itengeneze taratibu. Ikikushinda iache ilivyo. Lakini jina la Karisa lisipotee."

"Hapana shida, mzee," nikajibu. Wallahi sikumsikiliza. Macho yangu yalikuwa tayari kwenye nyaya.

Kosa lenyewe nililiona upesi. Waya wa umeme wa ile bodi mpya ulichomekwa kinyume, fyuzi ikaungua. Nikaibadilisha. Ndipo nikaona kibetri kidogo kimevuja maji yake na yameanza kuila bodi ya zamani. Betri iliyovuja huwa naitoa tu, sifikiri mara mbili. Nikaikata, nikapasafisha, nikawasha. Mashine ikawaka vizuri kama mpya. Majina yakapita, na juu kabisa palikuwa na herufi za kiwandani tu, AAA. Kumbe kile kibetri ndicho kilichokuwa kikiyatunza.

Niliketi sakafuni. Mama Karisa alikuwa uani akikuna nazi, na kila nilipomsikia akijongea niliutazama mlango. Ningemwita pale pale nikamweleza, leo nisingekuwa nawaandikia. Badala yake niliweka betri mpya, nikageuza swichi za ndani zinazorahisisha mchezo, nikaanza kucheza. Nilicheza hadi vidole vikauma. Nilipofika juu nikaandika K, A, R. Alama halisi za Karisa sikuzijua, kwa hiyo ziliishia pale nilipochokea mimi. Kisha nikarudisha swichi na kufunga mlango wa mashine.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya kioo, akazitafuta zile herufi tatu tu, akavua kofia. "Umenitunzia mwanangu," akaniambia. Mtaa mzima akausimulia jinsi nilivyo fundi.

Karisa alikuwa na rafiki yake wa tangu utotoni, nitamwita Safari. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuja kula na wazee hawa, akawapasulia kuni, akakaa na mzee hadi jioni. Jumapili iliyofuata nami nilikuwapo, nimeitwa kuangalia redio. Safari akatazama kioo, akazisoma alama.

"Mzee, hizi si za Karisa. Zake zilikuwa juu zaidi. Nilisimama naye alipozipata."

"Unampunguzia marehemu?"

"Simpunguzii, mzee. Nasema zilikuwa zaidi."

Mzee akanigeukia. "Fundi, hebu sema wewe. Alama zaweza kubadilika zenyewe?"

"Haziwezi," nikasema.

Na ni kweli, zenyewe haziwezi. Nilijificha nyuma ya neno hilo. Mzee akamwambia Safari hataki mwongo nyumbani mwake, na kijana akatoka bila kula.

Hajarudi tangu siku ile. Mama Karisa bado humpakulia sahani yake kila Jumapili, kisha anaifunika. Mzee hujifanya haoni.

Wiki hii nimekutana na Safari sokoni. Nilitaka kumpita, akanisimamisha.

"Dada, najua ni wewe uliyeziandika. Ulipoulizwa uliangalia chini."

Nikaangalia chini tena.

"Sikukutaja," akaendelea, "kwa sababu nikikutaja mzee atabaki na nini? Jumapili nitakwenda kumwomba radhi. Nitamwambia nilisahau mimi. Nataka tu kurudi kukaa nao."

Ndugu zangu, kijana aombe radhi kwa kusema kweli, nami niliyedanganya niendelee kukaribishwa chai? Nikisema, mzee atajua kwamba kile anachokiamkia kila asubuhi ni kazi ya vidole vyangu, na atamzika mwanawe mara ya pili. Nikinyamaza, mtu pekee aliyebaki kama mtoto kwao ataingia mlango ule akiwa amejiita mwongo kwa ajili yangu. Nilifikiri kumtangulia Jumapili asubuhi, lakini nikijaribu kuyapanga maneno, la kwanza tu silipati.

Nanyi mnaojua uchungu wa kufiwa na mtoto, hasa nyinyi, niambieni: mngependa kuujua ukweli huu, au mngependa niende nao kaburini?