Ukurasa Uliokatwa

Miaka ile ya soko huria magazeti mapya yalikuwa yakizaliwa Dar karibu kila mwezi. Asubuhi watu walizunguka meza za wauzaji pale Mnazi Mmoja, wakasoma vichwa vya habari bila kununua, wakaenda zao. Mimi nilishughulika na magazeti ambayo hakuna aliyesimama kuyasoma. Nilikuwa nimeajiriwa katika maktaba moja mjini, na kazi yangu ilikuwa kupitisha magazeti ya zamani kwenye skana, ukurasa mmoja mmoja, ili yabaki kwenye kompyuta hata karatasi zenyewe zikiisha.

Zilikuwa zimeshaanza kuisha. Bomba lilipasuka stoo, na magazeti ya karibu mwaka mzima yakalowa yakagandana. Tulipojaribu kuyabandua yalitoka vipande vipande. Mkuu wangu wa kazi, mtu asiye na maneno mengi, aliangalia lile rundo akasema, "Tafuta nakala nyingine. Lazima kuna mtu anazo."

Nilitafuta wiki tatu bila mafanikio. Kisha siku moja mchana nilikuwa Feri, nimenunua samaki wa kukaanga, na dada aliyeniuzia akanifungia kwenye gazeti. Tarehe ilisomeka pembeni ya mafuta. Ulikuwa mwaka ule ule tuliopoteza.

"Dada, haya magazeti unayapata wapi?"

"Kariakoo. Kuna mama wa Kihindi anayauza kwa kilo."

Nilimwomba aliyobaki nayo. Yalikuwa matano. Alinipa, akanielekeza nyumba.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja, duka la vitambaa chini, limefungwa. Mwenyewe nilimkuta juu, mama wa miaka kama sabini, akipanga vyombo kwenye maboksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Magazeti? Chukua rundo la mlangoni."

Nilimweleza kwamba sikuja kwa ajili ya kufungia vitu, nikamweleza kazi yetu. Alinisikiliza akiwa ameshika sufuria. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kila gazeti alilonunua maishani alilitunza. Sasa mtoto wao aliyeko ng'ambo alimtaka mama yake ahamie kwake, na nyumba ilitakiwa irudishwe ikiwa tupu.

"Irudishwe kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba. Serikali. Zamani mwenye nyumba alikuwa baba mkwe wangu."

Alikubali kuacha kuyauza, ila hakutaka yatoke mle ndani kabla yeye hajaondoka. Kwa hiyo tulipakia skana na kompyuta kwenye mkokoteni, tukazipandisha ngazi, na kwa muda wa mwezi mmoja ofisi yangu ikawa sebuleni kwake. Umeme ulipokatika tulikunywa chai tukasubiri. Alizoea kukaa karibu na dirisha akichambua mchele, na mara chache aliniuliza nimefika mwezi gani.

Siku moja nilifungua gazeti nikakuta ukurasa wa ndani una tundu. Kipande cha ukubwa wa viganja viwili kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu, kingo zimenyooka. Nikamwonyesha.

"Nilikata mimi," alisema.

Lilikuwa gazeti la siku yalipotoka majina ya wenye nyumba za kupangisha zilizochukuliwa na serikali. Jina la baba mkwe wake lilikuwemo. Mumewe alikuwa akilifungua gazeti hilo kila siku baada ya chai ya jioni, akatafuta mstari ule, akauangalia, akalikunja tena. Aliendelea hivyo miezi. Kisha siku moja mumewe akiwa dukani, yeye akachukua mkasi.

"Hakuuliza?"

"Alilifungua, akaona. Akalirudisha mahali pake. Hatukuzungumza habari hiyo mpaka amekufa."

Aliingia chumbani, akakaa huko kitambo. Nilifikiri amechukizwa. Alirudi na kile kipande ndani ya bahasha, akakiweka mezani mbele yangu.

"Kiweke kwenye tundu lake, upige picha. Kisha unirudishie."

Kilikaa sawasawa. Lakini kwa kuwa kilifungiwa gizani miaka yote ile, kilikuwa cheupe, na gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Kwenye kompyuta kilionekana kama dirisha. Nilipokuwa nikihifadhi ule ukurasa alisimama nyuma yangu, akausoma mstari wao kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda kuwasha jiko.

Mkuu wangu alipokagua kazi aliuliza kama ule weupe ningeweza kuufuta. Nikasema naweza, ila mtu mmoja aliukata ukurasa huo na ningependa ionekane kwamba aliukata. Alifikiri kidogo, akaweka saini.

Hatukupata magazeti yote. Wiki kumi na moja zilikuwa zimeshauzwa, na kwenye daftari langu nikaandika kwamba hazipo.

Siku yake ya mwisho nilikwenda na pikapu kuchukua marundo. Mabegi yake mawili yalikuwa mlangoni. Nilimuuliza atakifanyia nini kile kipande huko aendako.

"Sijui," alisema. "Mwanangu alikuwa mdogo sana wakati ule. Labda atataka kukisoma."

Alinisaidia kushusha rundo la mwisho, akafunga mlango, akampa ufunguo mtu wa serikali aliyekuwa akisubiri kwenye ngazi.