Kioo cha Tukutuku

Mutie wa Ngozi ulimjua kwa pua kabla ya macho. Alinunua ngozi za mbuzi na ng'ombe kuanzia Kwa Vonza hadi upande wa Makueni, akazifunga nyuma ya pikipiki kuukuu ya Kiingereza, na siku ya soko akipita mjini Kitui wateja wangu waliziba pua na kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayenuka. Naitwa Tima, mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani, jirani na gereji ya Shee Abubakar. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, mengine niliambiwa na wenyewe, na yale niliyoyasikia bila kuambiwa, lawama ni za ukuta wa mabati.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mke wa Mutie, Mbula, alikuwa na mama aliyeitwa Syombua, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto wa mchanga. Sukari ilimpata mama huyo, ikamwachia kidonda mguuni. Daktari hakuzunguka: mama akikosa kliniki ya kila mwezi, mguu utakatwa, na huenda hata kuukata kusimwokoe. Basi la abiria halikufika kwao. Mkokoteni wa punda ulimrudisha nyumbani akiwa hoi kuliko alivyotoka. Pikipiki ilikuwapo, dereva alikuwapo. Shida ni kwamba dereva alikuwa mkwe.

Kwa asiyewajua Wakamba wa wakati ule, nieleze. Mume wa binti yako hakutazami, nawe humtazami. Mkikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mkiwa na neno, hupitia kwa mtu wa tatu. Na kula mbele yake, hata kutafuna punje ya mahindi, ni aibu kubwa. Wenyewe huiita nthoni. Kanisani walikuwa wameanza kuilegeza, lakini Syombua, ambaye hakukosa ibada hata Jumapili moja, katika hilo hakulegeza hata uzi. Sasa mtu kama huyo apande nyuma ya Mutie, amshike kiunoni?

"Heri mguu ukatwe," alimwambia binti yake.

Mutie akaja kwa Shee. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni.

"Fundi, nataka uniwekee kiti ya kando. Ikuwe na gurudumu yake. Mama asinishike na mimi nisimshike."

Shee alikunja kiti hicho kwa vyuma vya kitanda, akakifunga upande wa kushoto. Mimi nilishona pazia la marekani la kuzunguka, zito, lisilopeperuka. Mutie akakijaribu kwa magunia ya mchanga, na hapo ndipo tulipojua kwamba kazi haijaanza. Pikipiki ilivutia kushoto kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Usukani ulimpiga mikono, na kwenye mto ulimshinda kabisa, ukamtupa yeye na magunia yake. Alirudi kidevu kimechunika.

Shee alichuchumaa mbele ya gurudumu kwa muda mrefu, akivuta ndevu.

"Ugonjwa uko mbele, Bwana Mutie. Miguu hii ya mbele ilitengenezewa pikipiki inayolala kwenye kona. Ukishaifungia kiti, hailali tena, inabidi uivute kwa mabega. Tuikate mbele yote."

"Yote?"

"Kuanzia shingoni."

Mutie alipapasa tangi la mafuta. Pikipiki hiyo ndiyo iliyomlisha. Kisha akasema, "Kata."

Nimeona mafundi wengi wa kubahatisha, na Shee naye alikuwa na siku zake za kubahatisha, lakini kwa kazi ile nilimvulia kofia. Aling'oa miguu ya zamani, akatia gololi mpya shingoni. Akalehemu mabomba mawili mazito yaliyoshuka na kupinda kama magoti, na chini yake mikono mifupi ya chuma iliyolishika gurudumu, kila mmoja na shokamzoba yake ya kumeza mashimo, kutoka kwa gari dogo lililokufa. Gurudumu lenyewe likawa fupi na nene. Wapita njia walicheka. Walisema limekuwa panzi. Shee akaniita niache cherehani, akanikalisha kwenye kiti cha kando na kunizungusha uwanja mzima wa soko, akipunga mkono wa kushoto hewani.

"Mkono mmoja, Tima! Unaona? Mkono mmoja!"

Niliona. Niliona pia watu wote wa Kitui wakiniona mimi.

Kwa furaha yake akaongeza zawadi ambayo hakuna aliyeiomba: kioo cha duara, cha lori, akakifunga kwenye usukani upande wa kushoto. Kesho yake Mutie alirudi nacho mkononi.

"Hii siwezi, fundi. Nikiangalia barabara na pazia ifunguke, nitaona mama."

"Si ndiyo kazi ya kioo? Kuona?" Shee alikasirika kweli. Babu yake alitoka Lamu, na kwao mama mkwe ni mama. "Wangu hunimiminia chai na kunitukana usoni, na bado nampenda!"

"Wako ni wako," Mutie akasema, akakiweka juu ya meza. Shee akakitundika msumarini, akawa anakitumia kunyolea ndevu.

Basi safari zikaanza. Mbula alipanda nyuma ya mumewe, mama yake akaketi ndani ya pazia, na maneno yakapitia kwa Mbula. Syombua alitakiwa kumeza vidonge vyake asubuhi, kisha ale, la sivyo sukari ingeshuka mno azimie. Kwa kuwa nyumbani asubuhi chakula hakikumpita kooni, Mbula alimfungia kiazi kitamu kwenye kitambaa na uji kwenye chupa. Wakifika mtoni Mbula alimgusa mumewe begani. Mutie alizima injini na kwenda kusimama nyuma ya kichaka, mgongo akiwapa, hadi aitwe. Kwao hata nyuma ya pazia ilikuwa bado mbele yake, na hakuna aliyelitaja neno kula. Kidonda kikaanza kufunga, na Mbula akaanza kuimba akipita barazani kwangu.

Halafu Mbula akapata mimba, ikawa nzito, akakatazwa pikipiki. Mwezi huo wakwe wawili wakaondoka peke yao.

Mwanzoni walistahimili. Syombua ndiye aliyepata njia. Wazee wengi waliita pikipiki tukutuku kwa mlio wake, na yeye akaanza kuzungumza nayo.

"Tukutuku, mbele kuna shimo."

Mutie alijibu kwa honi. Honi moja ilikuwa ndiyo. Aliniambia baadaye kwamba alicheka peke yake barabarani, akajiona ana bahati.

Wakafika mtoni. Hapakuwa na Mbula wa kumgusa bega, naye Mutie, ambaye siku zote alisimama kwa sababu aliguswa, akapita. Mama wa watu angesema nini? Kuiambia tukutuku habari za shimo aliweza. Kuiambia "simama, mkwe wangu ajifiche, nile," hapana. Vidonge vilikuwa tumboni, kiazi kilikuwa mapajani, na nthoni ilikuwa katikati.

Mbele ya Kwa Vonza Mutie alipiga honi ili asikie sauti. Kimya. Akajiambia mama amelala. Akapiga tena. Akasimamisha pikipiki, akashuka, akalipa pazia mgongo.

"Tukutuku," alisema, "uliza mama kama amelala."

Hakuna aliyejibu. Aliniambia kwamba hajawahi kuogopa vile, hata siku fahali alipomkanyaga. Akageuka, akalifungua pazia nililolishona.

Syombua alikuwa amelowa jasho, kichwa kimelala begani, macho nusu. Kiazi kilikuwa bado kimefungwa. Mutie alimshika kichwa, akamsemesha hadi midomo ikatikisika, akamnywesha uji tone kwa tone, akifuta kidevu chake kwa vidole vyake mwenyewe vinavyonuka ngozi. Mama akafungua macho, akamwona ni nani anayemlisha. Akayafunga tena, na safari hii si kwa ugonjwa.

Alikuwa bado analegea. Mutie alimzuia kwa mkono wa kushoto, akaendesha kwa wa kulia, gia moja, mchanga na mawe, hadi hospitali. Mbele ile ya panzi haikumpokonya usukani hata mara moja. Kwa miguu ile ya zamani wangeanguka kabla ya kufika mjini.

Syombua alipona. Mutie ndiye aliyeugua. Siku chache baadaye alikuja gereji, akakaa juu ya tairi.

"Fungua hiyo kiti, fundi. Nimemwaibisha. Nimemshika, nimemlisha kama mtoto. Hawezi kupanda tena. Na asipopanda atakufa, na itakuwa mimi."

Alilia. Mwanaume mzima, mchana, watu wakipita. Shee alichukua spana, akaiweka chini, akaichukua tena. Hakufungua kitu.

Jibu lililetwa na Mbula, akitembea kwa shida na tumbo lake. Alisimama mlangoni akihema.

"Mwaitu anasema kile kioo nilichomsimulia kirudi." Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

Siku ya kliniki iliyofuata walisimama hapo nje wakitoka hospitalini, Syombua akiwa ndani ya pazia. Shee alikifuta kioo povu la sabuni, akakifunga kwenye usukani, akakigeuza huku na huku.

"Kione nini, Bwana Mutie? Barabara?"

Mutie alipanda pikipiki. Mkono mkavu wa kizee ulitoka, ukasukuma pazia mpaka mwisho, nikasikia pete zikigongana kwenye waya. Syombua alifungua kitambaa chake mapajani. Akamenya kiazi polepole, akamega, akatia mdomoni, akatafuna, macho yake yakiwa ndani ya kioo. Shee alikuwa bado ameshika spana. Mutie alikuwa ameshika usukani, shingo imekakamaa, machozi yakimshuka, na mguu wake ukatafuta kiki ya kuwashia.

Syombua akameza. Kisha akasema, bila kupitia kwa mtu wala kwa pikipiki:

"Mutie, usiharakishe. Bado nakula."