Safari ya Baba na Mama Kwenda Kuona Theluji

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda. Kila Jumapili baada ya misa alitutazama sisi watoto wake watano, tukiwa bado na nguo za kanisani, akanyoosha kidole. "Kile kilima. Nyuma yake kuna nini?" Hakuna aliyejua. Basi tulivua viatu vizuri, tukavaa ndala, tukaenda kuangalia. Mara nyingi nyuma ya kilima tulikuta kilima kingine, na baba alifurahi kama mtu aliyeongezewa nyama.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kupotea. Akitoka kazini alikuja moja kwa moja nyumbani, akamshika mtoto huyu, akamkagua daftari yule. Wenzake walimcheka kwamba mke amemfunga kamba. "Kamba nimejifunga mwenyewe," aliwajibu, "na fundo nalijua."

Mama alikuwa mtu wa kutulia. Shuleni alikuwa kinara wa jiografia, lakini masomo yake yaliishia darasa la saba, akaolewa. Wakati wa uchumba baba alimwuliza anataka nini, mbali na ng'ombe watakaokwenda kwa wazazi wake. Mama akasema anataka kuona theluji. Mwalimu aliwaambia ipo hapa hapa Tanzania, juu ya mlima, na yeye hakumwamini.

"Nitakupeleka," baba akasema.

Kisha tukazaliwa sisi, na ahadi ikalala miaka zaidi ya thelathini.

Baba alipostaafu walihamia Musoma, kwenye nyumba waliyoijenga polepole kule Kigera. Akanunua pikipiki kuukuu kutoka kwa bwana shamba mmoja. Tulidhani ni ya kwendea sokoni. Wakati huo mimi, kitindamimba, nilikuwa nafundisha shule moja Bunda, na Jumapili moja nilikuwa nimekwenda kuwasalimia. Tulikuwa mezani na kaka yangu mkubwa, tunakula sato na ugali, baba akasema:

"Mimi na mama yenu tunaenda Moshi."

"Kwa basi lipi?" kaka akauliza.

"Kwa pikipiki."

Kaka akarudisha tonge kwenye sahani. "Baba, una miaka sitini na mbili. Mama mgongo unamsumbua. Mabasi yapo, tena mazuri."

"Kwenye basi atasinzia dirishani. Miaka yote hiyo amekaa ndani akiwalea nyie. Sasa anataka kuiona njia."

Tukamgeukia mama atusaidie. Alikuwa anachambua miiba ya samaki bila haraka.

"Mgongo nitaufunga kanga," akasema.

Walifanya mazoezi miezi miwili. Kwanza Kigera mpaka Kamunyonge na kurudi, halafu mpaka Butiama, kwa kaka yake baba. Safari ya kwanza mama alifumba macho njia nzima. Ya pili walianguka kwenye mchanga, maana kwenye kona baba alilalia kulia na mama akalalia kushoto. Baba aliinuka, akamkuta mama amekaa mchangani anacheka mpaka machozi. "Tangu siku ile nilijua," mama aliniambia. "Akilala na mimi nalala. Tukianguka, tumeanguka upande mmoja."

Baba mkubwa hakuona cha kuchekesha. Ni mzee wa ng'ombe wengi na maneno machache, na maneno yale machache huwa makali. Siku tuliyokwenda kumsalimia, alimkalisha baba uani kwake mbele yetu sote.

"Utamuua mtoto wa watu kwa utoto wako. Tangu ukiwa mdogo ulikuwaga hivi hivi. Ng'ombe wanaachwa, wewe umepanda mawe kutazama ziwa. Mtu mzima anakaaga kwake!"

Baba aliinamisha kichwa, kwa sababu kaka ni kaka. Aliyejibu ni mama. Sikuwahi kumsikia akisema neno mbele ya shemeji yake zaidi ya kumsalimia na kumkaribisha chakula.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwomba nikiwa msichana. Mwache anipeleke."

Baba mkubwa akaomba maziwa.

Siku ya kuondoka walilala kwangu Bunda. Asubuhi niliwasindikiza kwa bodaboda mpaka lango la hifadhi, maana baba alitaka kukatisha Serengeti atokee Arusha. Askari wa getini aliwatazama: mzee mwenye koti la mvua, bibi mwenye kofia ngumu juu ya kilemba, na nyuma yao mfuko wa dagaa na kidumu cha samli.

"Mzee, pikipiki haziruhusiwi humu. Simba watadhani wameletewa chakula."

"Na kuzunguka?"

"Utapita Bariadi, Shinyanga, mpaka Singida. Ni mbali sana, mzee wangu."

Nilifikiri atakata tamaa. Baba akamgeukia mama, uso umemchanua. "Umesikia? Kuna njia ndefu zaidi!"

Wakaenda. Kila jioni simu iliita. Leo wamepata pancha mbili. Leo mvua imewanyeshea, padri mmoja amewapa chumba na uji. Leo mama ameona mbuyu mnene kuliko nyumba yetu. Sauti ya mama ilikuwa inabadilika siku hadi siku. Alianza kukatiza maneno ya baba, akisimulia yeye.

Walipofika Moshi, mlima haukuonekana. Wingu zito siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaka aliniambia anaogopa kuwapigia. Siku ya nne, nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari, simu ikaita.

"Mwanangu, ipo."

"Nini, mama?"

"Theluji! Nyeupe kabisa, imekaa juu kule. Mwalimu hakutudanganya." Kisha akaongeza, "Baba yako analia."

Nikasikia nyuma yake, "Silii, ni baridi!"

Madaftari yale niliyamaliza kesho yake.

Walirudi baada ya wiki tatu, wakatuambia tuwapokee Butiama, kwa baba mkubwa. Ndugu walijaa uani. Alasiri tukasikia mngurumo unatoka njia ya kutoka barabarani. Pikipiki ikatokea inakwenda pole, inayumba kulia na kushoto.

"Mzee amechoka," mtu mmoja akasema.

Hakuwa amechoka. Alikuwa amekaa nyuma. Aliyeshika usukani ni mama.

Alikuwa amefundishwa kwenye tambarare za Shinyanga, kwenye njia tupu zilizopita katikati ya mashamba ya pamba. Kwenda alijua. Kusimama ndiko kulikomshinda. Akaingia uani, akatuzunguka mara ya kwanza, kuku wakaruka, akatuzunguka mara ya pili. Baba alipiga kelele, "Klachi! Klachi, mama watoto!" Halafu akaachia, akainua mikono yote miwili juu kama aliyefunga goli, akabebwa tu. Mama akasimama kwenye ukuta wa zizi, taratibu, kana kwamba alikuwa amepanga hivyo tangu Moshi.

Vigelegele vililipuka. Shangazi zangu walimshusha wakamzungusha. Baba mkubwa alikuja pole pole na fimbo yake, akaitazama pikipiki, akamtazama mdogo wake, akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "hebu nipeleke na mimi mpaka barabarani pale, nikaone."

Akampeleka. Walirudi kwa miguu, mafuta yaliwaishia, lakini baba mkubwa alikuwa anacheka.

Baba aliishi miaka saba baada ya safari ile, akafika na mama Bukoba, na Kigoma pia. Tulimzika Butiama. Kaka alisoma wasifu: kuzaliwa, shule, kazi ya kiwandani, mke mmoja, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja. Alipokunja karatasi mama akasimama, wakati mjane hategemewi kusimama.

"Umesahau mambo," akamwambia kaka.

Akawasimulia wote, tangu ahadi ya uchumba mpaka wingu la siku tatu, tangu askari wa simba mpaka zizi. Watu walianza kwa kujizuia, wakashindwa, wakacheka pale pale mbele ya jeneza. Katekista alisubiri. Mama alipofika kwenye theluji hakushusha sauti. Aliipandisha, akasema, "Aliniambia nitakupeleka, na alinipeleka!" na baba mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.