Tetea wa Shangazi

Fundi pikipiki wa jirani akimwaga oili chafu, harufu yake hunirudisha uani kwetu Karatu, asubuhi ambayo ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na mama amechuchumaa na kuku mapajani.

Mgongo wa yule kuku ulikuwa mtupu, mwekundu kama kidonda. Tetea mkubwa wa shangazi, dada yake baba tuliyeishi naye, alikuwa amemnyonyoa, na wengine wakafuata. Mama alimpaka oili ya trekta aliyoileta baba kutoka shamba la kahawa, ili wanaomdonoa wakutane na uchungu. Nilimshika mabawa. Alikuwa anatetemeka, na moyo wake ulidunda kwenye viganja vyangu.

Jirani aliyekuja kuomba moto alipoona mama anavuta tenga, alitikisa kichwa.

"Usimfungie huyu, mwenzangu. Akirudi watamwona mgeni, watammaliza. Mfungie yule anayedonoa. Akitoka, ubabe umemwisha."

Mama alinyanyua macho. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, khanga begani.

"Kuku wangu hafungiwi," alisema. "Boma hili ni la mdogo wangu."

"Sawa, wifi," mama alijibu. Akamfunika kuku wetu kwa tenga, akaweka jiwe juu.

Mchana huohuo mama alilitoa godoro letu nyumba kubwa akalihamishia kwenye jiko la nje, mimi nikibeba mablanketi. Baba aliporudi jioni hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama moshi hautatusumbua.