Mbuzi wa Shukrani kwa Kivimbe Malin

Haya yangu naijua, na watu wa mtaa wetu wa Mabanga nao wanaijua, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe kuliko nimwachie mama fulani aiongezee chumvi: miye njo ule mama mwenye alichinja mbuzi kushukuru Mungu kwa sababu ya kanseri. Chekeni, nawapa ruhusa, hata miye siku hizi nacheka.

Ilianzia ku hospitali ya hapa kwetu Zaïre. Nilikuwa na kivimbe ndani ya titi la kushoto, kidogo kama haragi moja, hakiumi, hakiniombi kitu, lakini wakakata kipande chake wakapeleka kukipima mbali, na kisha kupita majuma mengi nikaitwa. Docta alikuwa mugeni, ametoka Kinshasa, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mama mmoja muuguzi alisimama pale mlangoni tayari kunitafsiria, na docta akaniuliza kwa upole kama nasikia Kifaransa, "Maman, vous comprenez le français?" Sasa mutu mwenye akili timamu angejibu hapana. Lakini nilikuwa nimevaa kikwembe kipya, nimefunga kitambala cha kusimama, ku mlango wameniita citoyenne, mwananchi wa heshima, mbele ya watu wote, nikaona haya kusema kama Kifaransa changu kiliishia mwaka wa tatu wa shule kule Masisi, kati ya ngombe za baba. Nikajibu, "Oui, docteur. Très bien." Yule mama muuguzi akaenda zake.

Docta akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya polepole, nikamuangalia midomo kama mutu anaangalia mvua ku dirisha. Maneno yakapita, yakapita. Niliokota matatu tu: "bénigne," akitikisa kichwa kukataa, "maligne," akikubali, na mwishoni "vite." Nikayapanga mwenyewe. Bénigne, hiyo si ni béni, yenye kubarikiwa? Basi kivimbe yangu haikubarikiwa, sawa, kivimbe gani inabarikiwa! Lakini iko maligne, ndiyo ile malin. Na kwetu malin ni nani? Ni mutu wa akili, mwerevu, hasumbui watu bure. Na vite ni haraka, kwa hiyo itaisha haraka. Akaniandikia karatasi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili (nikafikiri ananipongeza), nikamwambia "Merci mingi," nikatoka.

Nilirudi kwa miguu, nikapitia Himbi makusudi, kando ya ziwa. Ukungu ulikuwa haujaondoka, maji na mbingu vimekuwa kitu kimoja, hujui mutumbwi unaelea ama unapaa, na miye natembea pale kama sina uzito, yale mawe ya volkano yenye hunikata miguu kila siku sikuyasikia hata moja. Nikajiona muzee, nimekaa mbele ya nyumba, wajukuu wananikanyaga vidole, nawafokea. Sikuwahi kuwa na furaha namna ile, na hiyo furaha siionei haya, hata leo.

Nyumbani nikamwambia bwana yangu, Papa Bahati, "Docta amesema iko malin!" Naye, maskini, Kifaransa chake ni ndugu ya changu, akasema "Mungu iko mukubwa," akaenda kutafuta mbuzi. Ijumaa yote tulishinda tukizunguka kualika watu.

Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema kivimbe yangu iko malin, watu wakaitika "Amina!", ngoma ikapigwa, nikacheza, wamama wakaingia katikati kucheza na miye, na jua likaingia ku madirisha likawasha vumbi lote juu yetu mpaka nikaona kama tuko ndani ya asali. Ningeketi hapo, mambo yangekwisha. Lakini nikaona mwalimu wetu wa kwaya hapigi makofi, ananiangalia tu, nikafikiri haamini, nikachomoa ile karatasi ndani ya Biblia nikampelekea. "Mwalimu, weye mwenye kusoma sana, basomee batu."

Akasoma kimya. Akarudilia. Miye huyu, na mdomo wangu usio na mlango, nikamtania: "Ama leo Kifaransa imekukwama?" Watu wakacheka sana.

Yeye hakucheka. "Mama Bahati, tutoke inje kidogo."

"Inje ya nini? Soma hapa hapa! Sina siri na batu ba Mungu!"

Akashusha karatasi. Akasema taratibu, lakini kanisa letu ni dogo, kila mutu alisikia: "Mama, malin ya sisi ni mutu wa akili. Ya badocta ni ingine. Inasema ni mubaya. Ni kanseri, mama. Na hapa ameandika balikungojea Ijumaa bakukate ile titi, mbele ugonjwa haujatembea mu mwili."

Weee! Mdomo wangu ulikuwa bado unacheka na sikujua namna ya kuufunga. Halafu, kutoka nyuma, koko mmoja, muzee mwenye masikio mazito akapaza sauti: "Amina!"

Niliogopa, jamani. Niliogopa kufa, nasema wazi, nikakaa chini sakafuni na kikwembe changu kipya, na Papa Bahati akaja akakaa chini kando yangu, na suti yake. Kisha mutu akauliza polepole, "Na mbuzi?" Tukaenda, tukamla. Alikuwa mutamu, na nilishangaa kwamba mutu mwenye kuogopa hivi anaweza bado kusikia utamu wa nyama.

Jumatatu kwaya nzima ikanisindikiza hospitali, wamevaa sare, na docta alipoona lile kundi akafikiri ni animation, zile ngoma na nyimbo za kupokea mukubwa wa serikali, akaanza kufunga vifungo vya abacost, lile koti lake la heshima, mbio mbio. Wakanikata titi. Nililia sana, kisha nikapona kidonda, nikarudi kulima.

Sasa ni mwaka wa ine. Kila ninapoitwa, namkalisha mama muuguzi katikati yetu, na docta akisema neno moja nauliza maana yake, nauliza tena, mustari wote wa wagonjwa ku mlango unanichoka na siwaonei haya. Juzi amesema kwa leo haoni kitu, lakini ya kesho hawezi kuapa. Nikamwambia, "Hata ya kwako huwezi," akacheka, nikaenda sokoni. Nimeapa hivi: siku yenye kifo changu kitatajwa, kitajwe ku Kiswahili, na nikielewe miye wa kwanza, kwa sababu siku ile mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha kukielewa, na miye niko bado nacheza.